Kabla ya kupeleka picha kusafishwa

Wapendwa, habari za jioni. Wengi mnaniuliza inboksi kwa nini picha inang'aa kwenye laptop halafu ikisafishwa inatoka nyeusi. Mara nyingi printa inasingiziwa bure. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inategemea mwanga wa chumba. Ukihariri skrini ikiwa imewaka hadi mwisho, unaitia picha giza bila kujua. Shusheni mwanga hadi ukurasa mweupe mtupu ufanane na karatasi nyeupe uliyoishika kando yake. Zimeni na ile hali ya usiku inayotia skrini unjano. Ndiyo inayofanya shela la bibi harusi litoke la bluu, maana unaongeza bluu ili kuufuta unjano ambao haumo kwenye picha.

Faili hifadhini kwa sRGB, yaani mfumo wa rangi wa kawaida, isipokuwa studio iseme vingine. Adobe RGB, mfumo mwingine wenye rangi pana zaidi, kwenye mashine isiyoisoma hutoa ngozi iliyopauka. Waombeni pia wazime marekebisho ya otomatiki. Na jamani, WhatsApp tumeni kama dokumenti, si kama picha!

Jumamosi kila mtu aje na nakala moja ya inchi 4x6 pamoja na faili lake. Tutazilinganisha dirishani mchana, taa za ukumbi zinadanganya.