Daktari wa uzazi naye ajue usingizi

Mhariri,

Madaktari wanaosomea ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake wapangiwe wiki kadhaa kwenye idara ya dawa za usingizi na ganzi, washike sindano wenyewe badala ya kusimama pembeni wakitazama. Wilayani mtaalamu wa usingizi mara nyingi ni mmoja. Mambo yakiharibika, daktari wa uzazi ndiye mkono wake wa pili.

Chukua ganzi ya mgongoni kwa upasuaji wa kujifungua. Mililita 2 za bupivakaini nzito ya asilimia 0.5 (dawa ya ganzi iliyofanywa nzito kuliko maji ya uti wa mgongo), kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno, huwatosha kinamama wengi. Punde presha hushuka, maana mishipa imelegea na mji wa mimba umelalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama hupiga miayo, anataka kutapika. Usingoje: mwinamishe kushoto nyuzi 15, fungulia dripu, mpe efedrini, dawa ya kupandisha presha, miligramu 5 hadi 10 mshipani. Akisema vidole vya mikono vimekufa ganzi na sauti inafifia, ganzi imepanda mno. Oksijeni na vifaa vya kumsaidia kupumua viwe tayari kichwani pake.

Halafu ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kuvuja, kuchomwa mgongoni kimakosa, kwa kuwa ampuli zake hufanana na za bupivakaini. Huleta degedege, hata kifo. Isiwekwe kabisa kwenye trei ya ganzi, na kila ampuli isomwe kwa sauti na watu wawili kabla ya kuvunjwa.

Wakufunzi wa dawa za usingizi,
Mwanza