Barua ya kufunga muhula: mkutano wa wazazi wa Julai

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KUHUDHURIA MKUTANO WA WAZAZI

Ndugu mzazi/mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa hii kwa likizo ya Juni. Mtoto anakuja na ripoti yake kwenye bahasha. Isome, isaini, airudishe tukifungua. Julai hapa Moshi ni baridi, kwa hiyo sweta ni sehemu ya sare. Darasa la saba wasizurure likizo nzima, mtihani wao wa taifa ni Septemba na hisabati bado inawatoa jasho. Hayo yametosha. Leo nataka hasa tuzungumze habari ya mkutano.

Mkutano wa Aprili tulikuwa na wazazi 47. Shule ina wanafunzi 612. Hao 47 ndio waliokubaliana debe moja la mahindi na kilo nne za maharage kwa kila mtoto, na fedha ya mpishi. Asubuhi yake pale getini nikaulizwa na watu wasiopungua kumi: "Kwani nani aliamua?" Kufika mchana kundi la WhatsApp la wazazi lilikuwa linawaka moto. Nilisoma ujumbe mmoja mmoja, na niseme ukweli, baadhi ya hoja zilikuwa nzito kuliko chochote kilichosemwa siku ile chini ya mjakaranda. Mzazi mmoja aliuliza kwa nini mwenye watoto watatu hapa shuleni atozwe kwa kila mtoto kiwango kilekile cha mwenye mmoja. Swali zuri sana. Mkutanoni halikuulizwa, kwa hiyo kwenye muhtasari halimo, na mimi siwezi kwenda kwa Afisa Elimu Kata na maneno ya kwenye simu nikasema wazazi wameazimia.

Kwa wanaouliza kwa nini tunachangishana wakati elimu ni bila ada: mpango wa elimu bila ada ulianza Januari 2016. Sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Serikali inatoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na katika hizo, 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule; zilizobaki ni za vitabu. Kwa watoto wetu 612 ni kama shilingi 306,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango, mpira. Makande hayamo. Na hakuna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Akirudishwa, njoo uniulize siku hiyo hiyo.

Sasa niwasimulie jambo lililonikuta, maana wengi wamelisikia nusunusu.

Aprili hiyo hiyo nilisoma taarifa ya chakula nikasema stoo kuna magunia 14 ya mahindi. Mama mmoja mwenye mtoto darasa la tatu, anayeuza nafaka Soko la Mbuyuni, akanyoosha mkono. Hakusema tunaibiwa. Alisema: "Mwalimu, wakati tunasubiri mkutano uanze nilichungulia stoo. Nimehesabu 11. Na mawili kati ya hayo ni ya debe tano, si sita. Naomba iandikwe."

Masikio yaliniwaka moto. Tukaenda stoo, mimi, mwenyekiti na yule mama, mkutano mzima ukitusindikiza kwa macho. Magunia yalikuwa 11. Matatu yalikuwa mashineni kukobolewa, nami nilisahau kuyatoa kwenye daftari. Hilo lilikuwa na maelezo. Lakini yale mawili aliyoyatambua kwa jicho tu, tulipoyapima yalikuwa debe tano kweli. Tulilipa gunia kamili, na aliyesaini kupokea mzigo bila kupima ni mimi mwenyewe. Tangu siku ile mzigo haushuki hapa bila mizani na wazazi wawili wa zamu.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndivyo ninavyopenda mzazi azungumze. Alikuja na hesabu yake. Alishika jambo moja. Na akamalizia na neno ambalo wengi hulisahau: iandikwe. Jambo likishaingia kwenye muhtasari, kikao kinachofuata kinalikuta kwenye yatokanayo, na mimi, kwa kuwa ndiye katibu, lazima nisimame nieleze limefikia wapi. Lisipoandikwa, naweza kulisahau kwa nia njema kabisa.

Tusisubiri pia mengineyo. Ninyi wenyewe mnajua: mambo mazito yote huletwa huko mwisho, jua limewaka, watu wameshasimama wanakung'uta nguo, mwenyekiti anatafuta wa kufunga kwa sala. Mwenye jambo alilete mapema liwe ajenda. Kikaratasi cha kujaza kiko chini ya barua hii.

Liko la hofu. Nimesikia zaidi ya mara moja kwamba mzazi akisema sana, mtoto wake anaandamwa darasani. Siwalaumu wanaoogopa, anayebaki na mwalimu siku nzima ni mtoto, si mzazi. Nimelisema mbele ya walimu wote kwenye kikao cha kazi, na ninaliweka hapa kwa maandishi: mwalimu atakayemtolea mtoto maneno ya mkutanoni, nataka nijulishwe. Kwa upande wenu, lalamiko linalomhusu mwalimu mmoja msilitangaze mbele ya umati. Njoo ofisini kwanza, au mwone mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Kama unayemlalamikia ni mimi, usinipitie. Nenda kwa Afisa Elimu Kata, ni haki yako.

Bibi na babu wanaolea wajukuu, nanyi ni wazazi. Mwaka jana bibi mmoja alikaa kimya saa mbili, akaniambia njiani kwamba Kiswahili cha mkutano kinamshinda. Mama, sema Kichaga. Atapatikana wa kututafsiria, na muhtasari utaandikwa vilevile.

Kuhusu siku, tumehangaika. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumamosi Wasabato wako ibadani, Jumapili sote tunajua. Jumatatu hadi Jumatano ndugu zetu wa sokoni walikataa. Tumeangukia Alhamisi ya wiki ya pili baada ya kufungua, saa 9:00 alasiri, na tutamaliza saa 11:00 hata kama kuna diwani anayetaka kusalimia.

Siku hiyo tutachagua pia wajumbe wawili wa Kamati ya Shule upande wa wazazi, kuziba nafasi zilizo wazi. Wenye watoto sekondari wanakijua chombo hiki kwa jina la bodi. Huku msingi ni kamati. Inakaa kila robo ya mwaka, na ndiyo inayopitia mapato na matumizi kabla sijayabandika kwenye ubao wa matangazo. Hakuna posho, nisiwadanganye. Kuna soda, mara nyingine. Ningefurahi kuona akina mama wakijitokeza, kwa sababu wanaolijua daftari la chakula vizuri ni wao, lakini kwenye mkutano viti vya mbele vinakaliwa na akina baba. Anayependekezwa awepo mwenyewe, akubali kwa mdomo wake.

Lile swali la mwenye watoto watatu nimeliweka ajenda namba nne. Aliyeliuliza kwenye simu aje alifafanue.

Nawatakia likizo njema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu

- - - - - - - - - kata hapa, mtoto arudishe siku ya kufungua - - - - - - - - -

Mimi mzazi/mlezi wa ........................................ darasa la ............

Nitahudhuria / Sitahudhuria (kata isiyohusika)

Jambo ninaloomba liwe ajenda: ............................................................

Nitalisema mwenyewe / Naomba mjumbe wa kamati anisemee

Sahihi ...........................