Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu na Barbara Pym

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulipopiga kura tumsome Barbara Pym mwaka mzima, nilikuwa mmoja wa watatu waliopinga. Katibu ameyaandika yote, hata yale ambayo ningependa ayasahau. Nilisema: sisi watu wa Tanga, Lamu, Bukavu na Bujumbura tuliojikuta tunaishi London, tuna haja gani na mwanamke wa Kiingereza anayeandika kuhusu makasisi na vikombe vya chai? Maneno hayo nayafuta leo mbele yenu.

Tumekutana mara tisa. Kikao cha Machi kiliharibika: tulifika tukakuta ukumbi umepewa watu wa sherehe ya mtoto, na stakabadhi yetu tunayo mkononi. Tulisoma sura mbili barazani, mvua ikiturukia miguuni, kisha tukatawanyika. Pesa zilirudishwa baada ya barua tatu. Mhazini anastahili pongezi.

Kwa waliojiunga katikati ya mwaka: Pym alizaliwa Oswestry, karibu na mpaka wa Wales, mwaka 1913, binti wa wakili. Alisomea fasihi ya Kiingereza Oxford. Wakati wa vita alikagua barua za watu kule Bristol, kisha akajiunga na kikosi cha wanawake cha jeshi la majini na kupelekwa Naples. Hakuolewa. Riwaya yake ya kwanza, Some Tame Gazelle, aliianza akiwa kijana wa ishirini na kitu, akajiwazia yeye na mdogo wake Hilary wakiwa wanawake wa makamo wanaoishi pamoja kijijini. Ilitoka 1950. Maisha nayo yakaja kufuata kitabu, maana uzeeni waliishi hivyo hivyo.

Lakini kilichonigeuza mimi ni kazi yake ya mchana. Kuanzia 1946 hadi 1974 aliajiriwa katika International African Institute, taasisi ya utafiti wa jamii za Afrika, hapa London, akawa mhariri msaidizi wa jarida lao, Africa. Mahari, koo, matambiko, nani anarithi ng'ombe wa nani: yote hayo yalipita mezani pake ili aweke nukta na kupanga faharasa. Mwaka 1961, yeye akiwa bado mhariri pale, taasisi hiyo ilitoa kitabu cha A. H. J. Prins kuhusu Waswahili wa Zanzibar na pwani. Mwenzetu wa Lamu alikileta kikaoni, jalada limebanduka, tukakipokezana kama picha ya babu. Ndipo mtu akasema: kumbe huyu mama alikuwa ofisini tulipokuwa tunaandikwa.

Pym naye akawageukia waandikaji. Less than Angels, ya 1955, imejaa wanaanthropolojia, yaani watafiti wa mila za watu, na anawatazama jinsi wao walivyowatazama wengine: wanakula nini, wanasalimianaje, nani anamwogopa nani. Yumo Alaric Lydgate, aliyerudi kutoka Afrika na masanduku ya maandishi ya utafiti asiyoweza kuyageuza kuwa kitabu. Jioni hukaa peke yake nyumbani amevaa kinyago cha Kiafrika. Mwishowe anayachoma maandishi yote bustanini. Kikao kiligawanyika. Walimu wetu wawili waliumia, wakasema hiyo ni kumbukumbu ya watu imeteketea. Mimi nilikuwa upande wa moto. Sidhani tulipatana, na saa ya ukumbi iliisha.

Excellent Women, ya 1952, ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Mildred Lathbury ni binti wa kasisi aliyebaki peke yake. Kila mwenye shida humkimbilia yeye, kwa sababu hana mume, kwa hiyo inadhaniwa hana shughuli. Wanandoa wa ghorofa ya chini, ambao wanatumia naye bafu moja, wakigombana, yeye ndiye mpatanishi. Na mwanamume anapoanza kumsogelea mwishoni, anachomtaka ni amsomee prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapwa, na kumtengenezea faharasa. Dada zetu walicheka hadi machozi, wakaanza kutaja majina ya watu ambao katibu, kwa busara, hakuyaandika.

Kuna mahali kanisani kina mama wamo kazini, na Miss Statham anajaza birika zito la chai. Mildred anauliza: hivi kweli tunahitaji chai? Mwenzake anamtazama kwa uchungu, karibu kwa hasira, kana kwamba amegusa msingi wa nyumba. Nawakumbusha kwamba mwezi Juni mjumbe mmoja alipendekeza tufute fungu la chai na maandazi ili tununulie vitabu. Hoja ilianguka. Nyuso zilikuwa zile zile za Miss Statham.

Mwaka 1963, akiwa na riwaya sita sokoni, kampuni ya Jonathan Cape iliyokuwa ikimchapa iliikataa ya saba, An Unsuitable Attachment. Wachapishaji wengine nao wakakataa. Ilionekana mambo yake yamepitwa na wakati. Kwa miaka 14 hakutoa riwaya hata moja. Aliendelea kwenda kazini na kuandika. Aliondolewa titi kwa saratani mwaka 1971, akapata kiharusi mwaka 1974, akastaafu. Kisha Januari 1977 gazeti la Times Literary Supplement likawaomba watu wa fasihi wataje waandishi wasiopewa haki yao, na wawili, Lord David Cecil na mshairi Philip Larkin, wakamtaja yeye. Larkin alikuwa ameandikiana naye barua tangu 1961, na wakaonana uso kwa uso mara ya kwanza mwaka 1975. Mwaka huo huo wa 1977 Quartet in Autumn ilichapishwa na kuingia orodha fupi ya tuzo ya riwaya ya Booker. Mwenyekiti wa waamuzi alikuwa Larkin, na Pym hakushinda. Nawaombeni mkumbuke hilo wanaonilaumu kwamba sipendelei marafiki.

Quartet ndicho kikao kilichowaka. Ni wafanyakazi wanne wa ofisi moja wanaokaribia kustaafu. Marcia anarundika chupa tupu za maziwa kibandani, na chupa moja ya kampuni nyingine aliyoipata kwa mwenzake Letty inamkera kama mwiba. Letty, kwa upande wake, nyumba anayopanga inauzwa kwa Mnigeria, Bwana Olatunde, kiongozi wa dhehebu, na nyimbo zinaanza. Letty anapoomba sauti ipungue, anajibiwa kwamba Ukristo ni kitu chenye kusumbua. Baadhi yenu mlisema Pym anatukejeli. Mchungaji wetu wa Bukavu akacheka, akasema kwake majirani wameshashtaki mara mbili, na jibu hilo ataanza kulitumia Jumapili ijayo.

Septemba saba kati yetu tulipanda treni Paddington hadi Charlbury, tukachukua teksi hadi Finstock, kijiji alichohamia kwa Hilary baada ya kiharusi. Nyumba yao, Barn Cottage, tuliitazama kutoka barabarani tu, maana ina wenyewe. Pym alifariki 11 Januari 1980, akiwa na miaka 66, na kaburi lake liko uani mwa kanisa. Nyasi zilikuwa na umande hadi mchana. Mjumbe wa chai, yule wa hoja ya Juni, ndiye aliyetoa chupa ya chai kwenye mkoba na vikombe saba.

Mapendekezo ya mwandishi wa mwakani yamfikie katibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa maandishi. Vitabu vitano vya chama bado havijarudi, na wenye navyo wanajijua. Sasa namkaribisha mhazini. Chai itafuata baada yake.