Mifano ya kalkulasi inaruka mistari

Mhariri,

Nimefundisha hisabati miaka 31. Tangu nistaafu, jioni hukaa barazani kwangu hapa Ngamiani na vijana wa kidato cha tano na cha sita wanaokuja na madaftari yao. Wiki iliyopita mmoja alileta swali la boksi, la kalkulasi, ile hisabati ya jinsi kiasi kinavyobadilika: karatasi ngumu ya sentimita 16 kwa 10 inakatwa miraba iliyo sawa kwenye kona zote nne, kisha kingo zinakunjwa juu. Ukate kiasi gani ili ujazo uwe mkubwa kuliko wote? Hesabu yake ilikuwa safi, akafika 12x² − 104x + 160 = 0, x ikiwa upande wa mraba unaokatwa, akapata 2 na 6.67, akayapigia mstari majibu yote mawili.

Sikumkosoa. Nilichana boksi la biskuti, nikalikata kwa vipimo vile vile, nikampa rula: haya, weka alama 6.67 kila kona. Akapima ule upande wa sentimita 10 kutoka kushoto, akapima na kutoka kulia, alama zikapishana. Akaitazama muda. "Mwalimu, karatasi haitoshi."

Nikaomba kitabu chake. Mfano upo, wa karatasi ya mraba ya sentimita 12. Mstari mmoja una mlinganyo, unaofuata unasema kwa hiyo x = 2, basi. Ile 6, jibu la pili la mlinganyo huo, ambayo ingeikata karatasi ikaisha yote, haikutajwa. Kutafuta vigawo, yaani kuuvunja mlinganyo kuwa mabano yanayozidishana, somo la kidato cha pili, hakukuonyeshwa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kushusha kipeo, ile hatua ya kalkulasi yenyewe, wanajua wote. Kugeuza maneno kuwa mlinganyo, kufungua mabano, kukataa jibu lisilowezekana: hayo mfano unayadai kimyakimya, kwa mtoto ambaye hakuna aliyemwambia kwamba anadaiwa.

Mazoezi yanayofuata ni mraba wa 18, wa 24, wa 30. Katika mraba jibu daima ni upande ugawanywe kwa 6. Kijana mwerevu akishaligundua hilo haandiki tena hata mlinganyo, na mazoezi anayapata yote.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2004 Johan Lithner wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, alichapisha uchunguzi wake wa mazoezi ya vitabu vya kalkulasi, akaonyesha kuwa mengi yanafanyika kwa kutafuta mfano unaofanana na kuufuata tu.

Mifano naipenda, nimeitegemea maisha yangu yote ya kazi. Ninachowaomba waandishi wetu ni mistari mitatu minne zaidi: vigawo vionekane, jibu lililokataliwa liandikwe pamoja na sababu yake. Na zoezi la kwanza baada ya mraba liwe la mstatili. Haizidi nusu ukurasa.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga