Barua kwa mwanangu anayekwenda Namugongo

Mwanangu Kulwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Jana usiku baada ya kula, Doto alitusomea ujumbe wako kwa sauti, wote tukiwa sebuleni. Mama yako alipiga vigelegele aliposikia kwamba mwaka huu utatembea kwa miguu na wenzako wa chuo mpaka Namugongo, huko Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ya tarehe 3 Juni. Bibi yako alikuwa kwenye mkeka wake anavuta tasbihi, naye akatabasamu. Kisha Doto akafika kwenye maneno yako ya mwisho, yale uliyoambiwa na wenzako, kwamba Waislamu ndio waliowachoma moto wale vijana, na kwamba watu hao ndivyo walivyo tangu zamani. Doto alisita, lakini maneno yalikwisha kumtoka. Bibi hakusema kitu. Aliendelea kuhesabu punje.

Nimeamka alfajiri nikuandikie kwa kalamu. Jambo hili nataka ulisome polepole, na ikiwezekana ulisome mara mbili kabla hujafunga kamba za viatu.

Aliyewachoma ni Kabaka Mwanga, yaani mfalme wa Buganda. Alirithi kiti cha baba yake Mutesa mwezi Oktoba 1884, naye alikuwa bado kijana mbichi. Mwaka uliofuata habari zikamfikia kwamba Wajerumani wanachukua nchi upande wa pwani, na huko Buganda kulikuwa na neno la zamani kwamba watakaoiteka nchi watatokea mashariki. Katikati ya hofu hiyo akatokea askofu Mwanglikana, James Hannington, akishika njia hiyohiyo ya mashariki kupitia Busoga. Mwanga akaamuru auawe, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mtumishi wa karibu sana wa mfalme, alithubutu kumkemea kwa kumwaga damu ya mgeni. Naye akauawa tarehe 15 Novemba.

Ni kweli wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokuwa wakihudhuria barazani hawakuwapenda wamisionari, na walimjaza Mwanga maneno. Sitakuficha hilo. Lakini Katikiro, yaani waziri mkuu wake, naye alisema yake, na wazee wa dini ya mababu wakasema yao. Zaidi ya hayo kulikuwa na jambo la mfalme mwenyewe: vijana waliohudumu katika nyumba yake walikuwa wanamkatalia matakwa yake ya mwili, na aliyewafundisha na kuwakinga wasikubali ni Karoli Lwanga. Mfalme aliyezoea kwamba hakuna amri iliyo juu ya amri yake akakuta watoto wa ikulu wana amri nyingine. Waliitwa abasomi, wasomaji, kwa sababu dini kwao ilianza na kitabu. Wengi wao walianzia kwenye maandiko ya Kiswahili, kwa kuwa ya Kiganda yalikuwa bado machache. Lugha hii ninayokuandikia, mwanangu, ilikuwa mikononi mwao.

Sasa nikwambie ambalo wenzako hawakukwambia. Kabla ya Karoli Lwanga hajazaliwa katika imani, wasomaji wa kwanza kabisa wa Buganda walikuwa Waislamu. Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani miaka kadhaa na kuamuru watu wake waswali. Ila hakutahiriwa, maana damu ya Kabaka haikuruhusiwa kumwagika. Vijana wake wa Kiislamu wakaanza kukataa nyama iliyochinjwa ikulu, wakakataa kuswali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, hata kama imamu huyo ni mfalme. Katikati ya miaka ya 1870 Mutesa akawaua kwa makumi, na Namugongo ni miongoni mwa mahali walipouawa. Namugongo hiyohiyo. Kwa hiyo utakapopiga magoti pale, udongo huo ulikwisha kunywa damu ya vijana wa Kiislamu miaka kumi kabla ya wetu, kwa kosa lilelile: kumwambia mfalme kwamba yuko aliye juu yake.

Habari za tarehe 3 Juni 1886 unazijua tangu komunyo ya kwanza, sitazirudia zote. Zaidi ya 20 walichomwa siku ile, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja, wamefungwa katika mafungu ya matete. Hesabu ya Wakristo waliouawa kati ya 1885 na 1887 ambao majina yao yanajulikana ni 45: wetu 22, Waanglikana 23. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wetu kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwakumbuka na wale wengine katika mahubiri yake. Mimi huwa namfikiria zaidi Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, ndiye aliyemlea kama mwanawe. Mzee yule alimsihi akane, hata amfiche tu, kijana akakataa. Mwishowe Mukajanga akaagiza apigwe rungu shingoni kwanza, ili moto umkute amekwisha kufa. Tangu nimekuwa baba siwezi kusoma mahali hapo bila kuweka kitabu chini.

Wahubiri wengi huishia hapo. Mimi naomba usiishie hapo.

Wasomaji hawakwisha. Mwanga, mtu wa kubadilika kama upepo wa ziwani, mwaka uliofuata aliunda vikosi vipya vya bunduki, na makamanda wake akawachagua miongoni mwa walewale aliokuwa akiwatesa. Apolo Kaggwa, Mwanglikana, alikuwa amepigwa na mfalme kwa mkono wake mwaka 1886. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, alihasiwa mwaka huohuo kwa ajili ya imani yake. Waislamu nao walikuwa na vikosi vyao. Mfalme akajikuta amewapa silaha watu aliowajeruhi, na alipogundua hivyo akatafuta njia ya kuwamaliza wote kwa pamoja. Mwezi Septemba 1888 aliwaamuru wapande mitumbwi kwenda naye ziwani. Mpango ulikuwa kuwashusha katika kisiwa kisicho na kitu na kuwaacha wafe njaa. Siri ikavuja. Walipofika ufukweni wakagoma kupanda.

Kisha Mwislamu, Mkatoliki na Mprotestanti wakakaa pamoja wakala njama. Tarehe 10 Septemba 1888 wakaingia mji mkuu kwa bunduki, na Mwanga akakimbia karibu bila mapigano. Wakamweka ndugu yake Kiweewa, Nyonyintono akawa Katikiro, vyeo vikagawanywa kwa dini zote. Nikisema kweli, siwalaumu kwa njama ile. Mtu anayeitwa kwenye mtumbwi wa kifo ana haki ya kukataa kupanda, na hata ya kumwondoa aliyeuandaa. Tena walikuwa pamoja! Kwa mwezi mmoja nchi ile ilikuwa na kitu ambacho hata leo tunakitafuta.

Mwezi mmoja tu. Tarehe 12 Oktoba Waislamu, wakidai kwamba Wakristo wanapanga kumpindua Kiweewa, waliwashambulia wenzao wa Septemba na kuwafukuza. Wamisionari wakatupwa ng'ambo ya ziwa, Wakristo wakakimbilia Nkore, ufalme wa jirani. Kiweewa alipokataa kutahiriwa wakamwondoa, wakamweka Kalema, naye akawaua Kiweewa na wana wa kifalme wengi, wake kwa waume. Hapo unaweza kusema wenzako wana hoja. Ngoja kwanza.

Unajua Mwanga alikimbilia wapi? Alikuja kwetu. Alifika kwanza Magu, kwa mfanyabiashara wa Kiarabu, lakini huko aliishi kama mfungwa. Ndipo akaomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadri Wafaransa, mwendo mfupi tu kutoka hapa Mwanza nilipoketi. Mapadri hawa walikuwa wa shirika lilelile la Padri Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapeera, aliyevuka ziwa kutoka Kageye mwaka 1879 kwenda kuwafundisha kina Balikuddembe. Mwanga aliwachomea watoto wao wa kiroho, na miaka mitatu ilikuwa haijatimia. Wakamfungulia mlango. Wakampa chakula na mahali pa kulala. Nilikwenda Bukumbi nikiwa mwalimu kijana, nikasimama nje nikijaribu kuona padri anayemkaribisha mtu wa namna ile, mikono yake inafanya nini, anamwita nani. Mpaka leo mahali pale pananipa shida kuliko Namugongo, kwa sababu kufa naweza kukuelewa, lakini kumtandikia kitanda aliyemchoma mwanao?

Wakristo waliokuwa uhamishoni wakamwita Mwanga huyohuyo awaongoze. Mfanyabiashara Charles Stokes akamsafirisha kwa mashua yake, na baada ya vita vya kwenda na kurudi, mwanzoni mwa 1890 wakaushika mji moja kwa moja. Nyonyintono alikwisha kufa vitani. Kalema akakimbilia Bunyoro na kufia huko. Sasa Wakristo wametawala, Waislamu wamefukuzwa mashambani kwao. Unafikiri walipumzika?

Tarehe 24 Januari 1892, katika vilima vya Mengo na Rubaga, Waanglikana na Wakatoliki walipigana wao kwa wao. Waanglikana waliitwa Waingereza, Wakatoliki Wafaransa, ingawa wote walikuwa Waganda. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza aliwagawia Waanglikana bunduki na kuwasaidia kwa bunduki yake ya rashasha ya Maxim. Kanisa la Rubaga likateketea. Wakatoliki waliokimbilia kisiwa cha Bulingugwe pamoja na Mwanga wakafuatwa huko, na wengi wakazama majini. Miaka sita haijatimia tangu wenzao wateketee katika moto mmoja. Labda wengine waliopigana siku ile walikuwa wamelala katika chumba kimoja ikulu na kina Kizito, wale mashahidi.

Askofu Hirth na wakimbizi wake wakaja mpaka Kiziba, upande wa Bukoba, wakaanzisha misheni ya Kashozi. Ndipo alipobatizwa mama yako. Sisi wenyewe, Kulwa, ni matunda ya vita hivyo. Na waliotufukuza siku ile hawakuwa Waislamu.

Mwanga naye mwisho wake unahuzunisha. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akashindwa, Wajerumani wakamshika, akatoroka, akakamatwa tena mwaka 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Wakampeleka Shelisheli. Huko akabatizwa kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903. Yule aliyewaua wasomaji alikufa akiwa msomaji.

Unajua nilibatizwa nikiwa na miaka 19. Siku nilipomwambia mama yangu, nilikuwa nimefunga begi kabisa, nikijua nitafukuzwa. Bibi yako alilia usiku kucha. Asubuhi akanifulia shati jeupe, akalipiga pasi ya mkaa, akaniambia niende nisichelewe. Hajawahi kunirudisha nyuma, na hajawahi kuacha swala zake. Yeye ndiye "watu hao", mwanangu. Jana usiku alikaa kimya kwa sababu anakupenda, na ukimya huo ulinikata kuliko kama angekugombeza.

Nenda Namugongo. Nenda kwa miguu kama ulivyonuia, unywe maji ya kutosha njiani. Nimemwachia Doto fedha ya viatu akutumie leo, vile ulivyoonyesha kwenye picha havitafika.

Barua hii nimemsomea bibi yako kabla ya kuifunga, neno kwa neno, hata yale ya Kalema. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza wale vijana waliokataa nyama ya mfalme, nani anawakumbuka pale. Anataka uulize mahali walipouawa, usimame hapo kwa niaba yake, na ukirudi bwenini umwandikie yeye mwenyewe yale utakayoyaona. Andika kwa mkono. Doto atamsomea.

Ni mimi,
Baba yako