Huyo mjusi kwao ni Lindi, mhariri

Mhariri, pole na kazi. Mimi ni mpenzi wa ule ukurasa wenu wa picha za safari, kila Jumamosi nauanza huo kabla hata ya mpira, ila wiki iliyopita mmeniudhi kidogo. Mmeweka picha ya kijana kasimama kwenye makumbusho Berlin, nyuma yake mifupa ya dinosaria imepanda juu huko, halafu chini mkaandika "maajabu ya Ujerumani". Basi. Jamani! Yule kwao Tendaguru, mkoa wa Lindi.

Sikulaumu sana maana hata mimi niliingia mkenge hivyohivyo. Nilienda Berlin kwenye kozi ya wiki mbili, Jumamosi moja wenzangu wakanivuta twende makumbusho ya viumbe pale Invalidenstraße, kufika tu ukumbini nikatoa simu. Sasa yule mnyama ana mita 13.27 kwenda juu, mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele umenizidi urefu, kila nikipiga napata miguu bila shingo au shingo bila miguu, nikachuchumaa, ikashindikana, mwisho nikakaa chini kabisa sakafuni na mlinzi ananitazama tu. Nikapata selfi yangu nikairusha grupu la mtaani, "niko na bwana mkubwa hapa". Vidole gumba kibao.

Kuna mzee jirani yangu, Mmwera wa Lindi vijijini, yeye hakuweka kidole, alituma voisi: "Mwanangu, huo mzigo walibeba babu zetu kichwani." Niliona aibu aisee. Kesho yake nikarudi peke yangu, safari hii kusoma, na nilivyorudi Dar nikaenda kukaa naye kibarazani.

Wajerumani walichimba pale Tendaguru 1909 mpaka 1913. Vita ya Majimaji ilikuwa imeisha 1907 tu, watu wametoka kwenye vita na njaa, ndio haohao wakashika majembe na sururu. Gari hakuna, reli hakuna, mifupa inafungwa na mianzi, mtu anajitwisha au wanashirikiana begani, mwendo wa kama siku nne mpaka bandari ya Lindi, kisha wanageuza kufuata mingine. Jumla zaidi ya tani 200! Tena mjusi mwenyewe hakusimamishwa mpaka 1937, Hitler yuko madarakani, kwa hiyo wengi waliombeba sidhani kama walishawahi hata kuiona picha yake.

Na majina yapo mhariri, si kwamba hayapo. Mabosi walikuwa kina Janensch na Hennig, lakini msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kuna mwingine anaitwa Mohammadi Keranje, mwaka 2019 wanasayansi walimpa dinosaria mwingine wa hukohuko Tendaguru jina la Wamweracaudia keranjei, Wamwera humo na Keranje humo. Nilipomsomea mzee alicheka mpaka akakohoa, akaniambia rudia tena, nikarudia mara tatu, na mara zote tatu nilikosea kulitamka.

Habari ya arudishwe asirudishwe ilishasemwa sana mpaka bungeni, siingii huko. Ombi langu dogo tu: mtu akiwatumia picha muulizeni sentensi mbili tatu, hiki kitu kilitokaje mpaka kikafika hapo, nani alikijenga, nani alikibeba. Akishindwa, mtafutieni nyie, waandishi mnao. Picha za vijana wameushika mnara wa Paris kwa vidole endeleeni nazo tu, zinachekesha.

Na ile yangu naiambatanisha hapa. Shingo ipo, miguu ipo, mimi nipo nusu, kichwa cha mjusi ndio simu haikufika. Mkiitoa, chini yake andikeni Tendaguru, Lindi.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam