Risala ya Wanawake Wabanikaji Samaki na Waponda Kokoto wa Ilemela kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, 28 Aprili

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa serikali ya mtaa na wa ulinzi wa rasilimali za uvuvi,
Wataalamu wa afya,
Wageni waalikwa, mama zetu, dada zetu na wavuvi wetu,
Itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wanakikundi wote tunakushukuru kwa kukubali kuja huku mwaloni badala ya kutuita ukumbini. Tulitaka risala hii isomwe hapa, moshi ukionekana na nyundo zikisikika kule juu kwenye mawe, kwa sababu ombi letu kubwa linahusu mahali hapa penyewe: tunaomba kazi zetu zipimwe.

Sisi ni akina mama tunaobanika sangara kwa moshi na kuanika dagaa, pamoja na wenzetu wanaoponda kokoto kwenye miamba iliyoupa mji wetu wa Mwanza jina la utani la Jiji la Miamba. Tulianza kama kikundi cha kuweka hisa na kukopeshana mtaji. Katibu wetu alipoanza kuandika sababu za kila mkopo, tukaona fedha za mfuko wa jamii zinaishia kwenye matibabu, na malalamiko ni yaleyale: kifua, macho, mgongo. Tangu hapo vikao vyetu havizungumzii marejesho peke yake. Tunaulizana pia kazi hii inatufanya nini.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuanze na moshi. Mama anayebanika samaki huinama juu ya jiko tangu kuwasha kuni hadi samaki wakauke, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Ndani ya moshi ule kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Ndiyo maana kichwa huuma na mwili hulegea. Kuna pia chembe ndogo zenye upana usiozidi maikromita 2.5, zinazopita puani na kooni bila kuzuiliwa, zikatua ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kwamba wastani wa chembe hizo kwa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Banda letu lina ngapi? Hakuna aliyewahi kuja kupima.

Mwaka huohuo wa 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa kwa pamoja makadirio ya vifo vinavyotokana na kazi. Kwa mwaka 2016 vilikuwa karibu milioni 1.9 duniani. Wengi tulidhani vifo vya kazini ni vya ajali, mtu kaangukiwa na jiwe au kazama. Kumbe ajali zilikuwa chini ya robo, na vingine vilitokana na magonjwa, ugonjwa sugu wa mapafu ukiwa wa kwanza. Vumbi, gesi na moshi wa kazini vilihusishwa na vifo takriban 450,000. Taarifa hiyo ilitugusa sana, maana ajali watu huiona wakakusanyika, lakini kifua cha mama anayekohoa usiku husemwa ni baridi ya ziwani.

Tunapofika kutibiwa huulizwa jina, umri na mtaa tunaoishi. Swali la kazi ni la nadra. Mama anaondoka na dawa ya kikohozi, kesho yake yuko jikoni palepale. Mwaka 1700 daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima kuhusu magonjwa ya mafundi na vibarua. Alianza kulifikiria jambo hilo baada ya kumwona mtu aliyekuwa akizoa choo nyumbani kwake akiharakisha kazi. Alipomuuliza, akaelezwa jinsi kazi ile inavyoharibu macho. Tangu hapo aliwahimiza madaktari waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Ni zaidi ya miaka 300 sasa. Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti, na tunaliomba kwa moyo wote.

Kuhusu wenzetu wa kokoto, miamba ya Mwanza ni ya granaiti, na granaiti ina madini yaitwayo silika. Nyundo inapotua, vumbi tunaloliona likitua juu ya khanga si lile baya zaidi. Baya zaidi halionekani kwa macho, nalo ndilo linalofika ndani ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na anayeupata huwa rahisi zaidi kushikwa na kifua kikuu. Tangu mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka silika inayovutwa kazini katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa tunachojifunga puani hakizuii vumbi hilo. Kulowesha mawe kwa maji kabla ya kuponda kunalipunguza, na wenzetu wameanza kufanya hivyo, ingawa maji yenyewe hupandishwa mlimani kwa ndoo kichwani, na shingo nazo zinadai haki yake.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumejielimisha namna kazi inavyopimwa. Mtafiti wa afya kazini humfunga mfanyakazi kipampu kidogo kiunoni na kubana mrija wake kwenye kola, karibu na pua. Hewa hupita kwenye kichujio kinachopimwa uzito kabla na baada ya kazi, na tofauti hiyo huonyesha kiasi cha vumbi au moshi katika hewa aliyoivuta. Kipo kifaa kingine kinachorekodi kaboni monoksaidi dakika kwa dakika, hivyo inajulikana kama hatari kubwa iko kwenye kuwasha kuni, kugeuza samaki au kuzoa majivu. Hilo kwetu lina faida kubwa. Tukijua ni kugeuza samaki, tutabadilisha namna ya kugeuza. Na ipo mashine ambayo mtu huipuliza kwa nguvu, inayoweza kuonyesha kwamba njia za hewa zimeanza kubana hata kabla mtu hajaishiwa pumzi.

Tunafahamu kwamba Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, ikafuata Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Dada zetu walioajiriwa kwenye viwanda vya minofu, wanaosimama kwenye baridi na majimaji zamu nzima wakiwa na kisu mkononi, wana mwajiri wa kuulizwa, na wakiumia upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao mwajiri huuchangia. Sisi hatuna mwajiri. Mapafu yetu ni yaleyale, Ndugu Mgeni Rasmi.

Wavuvi wetu wametuomba tusiwasahau. Wanahitaji maboya ya kujiokoa yanayonunulika, na tiba ya kichocho kwa watu wazima. Mvuvi na mama anayesafisha dagaa huingia kila siku kwenye maji wanamoishi konokono wa kichocho, lakini tumezoea kuona dawa ya prazikwanteli ikigawiwa watoto shuleni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unasema kwamba pale maambukizi yanapofika asilimia 10, wapewe wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo.

Kwa hiyo tunakuomba utufikishie ombi kwa watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, na wa chuo kikuu cha afya pale Bugando, waje wapime mabanda na machimbo yetu. Wamewahi kuja watu na madodoso, tukajibu, wakaondoka na majibu yetu na hatukuwaona tena. Safari hii tunaomba matokeo yasomwe hapahapa, kwa Kiswahili, kabla hayajachapishwa kwingine.

Tunaomba pia wakufunzi wa chuo cha uvuvi cha Nyegezi watufundishe kujenga majiko ya Chorkor, yaliyoanzia kijiji cha wavuvi jirani na Accra, Ghana. Jiko hilo hupangwa chanja za samaki juu ya kisanduku cha udongo au matofali, likatumia kuni chache na kumwondolea mpikaji sehemu ya moshi. Matofali tutafyatua wenyewe.

Kwa upande wetu, kila banda limekwisha kumteua mama mmoja atakayevaa kipampu siku watafiti watakapofika, na waponda kokoto wameteua wao. Majina yako kwenye bahasha tutakayokukabidhi pamoja na risala hii.

Naomba kuwasilisha. Wabeja sana.